Gari la zamani linatetemeka sailensi: tafuta silinda kabla ya kutafuta spea

Barabarani gari linavuta vizuri. Ukisimama tu, usukani unaanza kucheza, kioo cha pembeni kinatetemeka mpaka huoni kilicho nyuma, mshale wa RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) unayumba, na mara mojamoja injini inazima. Wengi hapo hapo huagiza plagi. Plagi zisiposaidia hununua koili, kisha sensa, kisha throto bodi nzima ya mtumba. Spea zinabadilika na mtetemo uko palepale, kwa sababu hakuna aliyeuliza swali la kwanza: inayokosea ni silinda moja, au ni zote?

Tuelewane na jina kwanza. Sailensi ni ile hali ya injini kunguruma yenyewe bila mguu kwenye pedali. Sailensa ni kopo la moshi kule nyuma. Ukimweleza fundi kwa simu, hakikisha amesikia herufi ya mwisho. Na hapa tunazungumzia injini za petroli tu, za kabureta na za nozeli (vipuliza petroli). Dizeli ina mambo yake.

Kwa nini ubovu unajificha ukikanyaga

Chukua injini ya lita 1.5 inayozunguka mara 800 kwa dakika. Kila silinda inavuta hewa mara 400, na kwa ujazo jumla ya silinda zote ni lita 600. Lakini kipepeo cha throto, kile kibati kinachofungulia hewa ukikanyaga pedali, kimefungwa karibu chote, na presha ndani ya manifoldi, yaani mabomba yanayogawia silinda hewa, imeshuka hadi kama theluthi ya ile ya nje. Kwa hiyo hewa halisi inayoingia ni lita 200 hivi kwa dakika. Hosi moja ikipasuka ikaiba lita 20, hiyo ni sehemu ya kumi ya hewa yote, imeingia bila petroli yake. Mchanganyiko unakuwa mwepesi na baadhi ya mapigo hayawaki.

Sasa panda mlima kwa mizunguko 3,000 huku umekanyaga. Injini inameza lita 2,000 kwa dakika kama si zaidi, na manifoldi haina tena mvuto mkali wa kunyonya kupitia ule ufa. Wizi uleule umekuwa mdogo hata usihisike. Kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda) inayovuja nayo hufanya hivyohivyo: injini ikienda polepole, hewa inapata muda wa kutorokea pembeni mwa valvu, ikienda kasi, muda huo haupo.

Moto wa plagi una tabia ya kinyume. Silinda ikijaa hewa na kubanwa sana, cheche huhitaji volti nyingi zaidi ili iruke. Ndiyo maana koili iliyochoka mara nyingi hukatakata ukipanda mlima na gia kubwa, wakati sailensi bado inavumilika. Gari likitetemeka sailensi tu kisha likanyooka kabisa ukikanyaga, mimi naanza na hewa, uchafu na valvu, halafu ndiyo umeme. Si sheria, ila huokoa pesa nyingi.

Dakika tano za kusikiliza

Liweke gari nje penye hewa, maana moshi wa ekzosi ndani ya gereji iliyofungwa unaua kimyakimya. Injini ipate moto kamili. Zima AC, taa na feni ya ndani. Gia huru, breki ya mkono juu. Fungua boneti utafute kibandiko cha kiwanda. Magari mengi ya umri huu yameandikwa humo mizunguko ya sailensi, taimingi (wakati wa cheche kuruka), na mara nyingine nafasi ya plagi na ya tapeti (kisukuma valvu). Injini iliyopata moto kwa kawaida hukaa kati ya 650 na 900. Kibandiko kikisema 750 na yako iko 550, huenda haiumwi chochote, imeshushwa tu.

Angalia mshale wa RPM. Ukiwa umetulia tuli huku mwili wa gari unatetemeka, shuku maunting za injini, ile mipira inayoishikilia kwenye bodi. Kaa pembeni mwa boneti, si kwenye njia ya gari, mwenzako akanyage breki kisha aingize D na R kwa zamu, bila kupiga resi. Injini ikiinuka na kudondoka kwa kishindo, au mtetemo ukija kwenye D peke yake na kupotea kwenye N, maunting imekufa. Zile zenye majimaji ndani zikipasuka huacha utelezi mweusi chini yake.

Mshale ukiyumba, nenda nyuma. Chukua kipande cha karatasi laini, ukubwa wa kiganja, ukining'inize sentimita tatu hivi kutoka mdomo wa ekzosi. Injini nzima huisukuma mfululizo, karatasi inalala hewani ikicheza kidogokidogo. Silinda moja isipowaka, unapata pigo la ovyo lenye mpangilio: pu-pu-pu-paf, pu-pu-pu-paf, kama mtu anayechechemea. Kwenye mizunguko 800 paf hiyo hurudi karibu mara saba kwa sekunde. Huwezi kuihesabu, ila mkono unahisi kuwa ina kipimo. Mapigo yakija ovyo ovyo, mara mawili mfululizo, mara kimya, tatizo linaelekea kuwa la silinda zote, yaani mchanganyiko. Karatasi ikivutwa kuelekea ndani ya bomba kisha ikasukumwa tena, valvu ya kutolea moshi huenda imeungua. Hili ni jaribio la wazee, halitoi hukumu ya mwisho, lakini halina gharama.

Kuna na sura ya tatu: sailensi inayopanda na kushuka polepole, 600, 1,100, 600, kila sekunde mbili tatu. Hapo kompyuta inapigana na hewa ya wizi, au na valvu ya sailensi (inayopitisha hewa pembeni mwa kipepeo) iliyokwama. Plagi usiziguse.

Silinda moja au zote

Kipimo chenyewe ni kuzima silinda moja baada ya nyingine na kuangalia RPM inashuka kiasi gani. Silinda inayofanya kazi ukiizima, injini inalegea. Ile ambayo ukiizima hakuna kinachobadilika, ilikuwa imelala tangu mwanzo.

Kwenye gari la nozeli, njia safi zaidi ni kuchomoa soketi ya nozeli. Petroli ya silinda ile inakatika, haioshi oili kwenye kuta wala haiendi kuwakia ndani ya katalisti, kile kisafisha moshi kwenye ekzosi. Jambo moja husahaulika: kompyuta ikiona RPM imeshuka hufungua valvu ya sailensi kufidia, na wewe unadhani silinda haikuwa na kazi. Chomoa kwanza soketi ya valvu hiyo. Injini ikitaka kuzima, mwenzako aishikilie kwa mguu kwenye 1,000 hivi, asiucheze.

Kwenye gari la distribyuta, yaani kigawa moto cha plagi, utachomoa waya za plagi. Tumia koleo yenye mpira, na usiache waya ukining'inia hewani: umeme usipopata pa kwenda hutafuta njia ndani ya koili au kwenye moduli ya ignisheni na kuiua. Uvalishe plagi ya zamani, iguse chuma cha injini kwanza, ndipo uwashe. Sekunde tano kwa kila silinda zinatosha, hasa kama gari lina katalisti.

Andika namba, usiziamini kichwani. Silinda ya kwanza imeshusha 110, ya pili 100, ya tatu 15, ya nne 105: umempata mgonjwa. Zote zikishusha karibu sawa na injini bado inatetemeka, ruka hadi kwenye hewa ya wizi.

Gari lenye soketi ya skana ya OBD-II, iliyo lazima kwa magari mapya Marekani tangu 1996 na kwa ya petroli Ulaya tangu 2001, linaweza kukutajia silinda lenyewe: P0301 hadi P0304 ni kumisi, yaani kutowaka, kwa silinda namba 1 hadi 4. P0300 ni kumisi kusiko na silinda maalumu. Kodi ikisema P0303, haijasema koili namba 3 imekufa. Imesema silinda ya tatu haiwaki, basi.

Ikiwa ni moja: hamisha, usinunue

Silinda ya tatu imelala. Peleka plagi yake kwenye ya pili na ya pili uilete hapa. Pima tena. Tatizo likihama na plagi, jibu unalo. Lisipohama, hamisha koili au waya. Bado? Nozeli, kama zinatoka bila kubomoa nusu ya injini. Kitu kimoja kwa wakati mmoja. Ukihamisha vitatu pamoja na injini ikapona, hujajua chochote.

Plagi ikiwa mkononi isome. Kahawia hafifu au kijivu ni afya. Masizi makavu meusi ni petroli nyingi, au cheche dhaifu. Nyeusi inayong'aa kwa unyevu wa oili ni ringi au sili za valvu. Nyeupe kabisa ni mchanganyiko mwepesi, na ikiwa ni plagi moja tu nyeupe kati ya nne, angalia gasketi ya manifoldi karibu na silinda hiyo, kwa sababu hewa ya wizi ikiingilia pale inaidhuru jirani yake tu. Plagi iliyo safi kama imeoshwa, na maji ya radieta yanapungua bila kuonekana yanakovuja, ni habari mbaya ya gasketi ya silinda hedi.

Igeuze plagi taratibu kwenye mwanga. Ukiona mstari mwembamba mweusi, kama umechorwa kwa penseli, unashuka kwenye kauri nyeupe kutoka juu hadi kwenye chuma, moto ulikuwa unapita huko nje badala ya kuruka kwenye ncha. Mara nyingi mpira wa koili au wa waya una mstari kama huo kwa ndani, na ukibadilisha plagi peke yake utarudi tena. Shimo la plagi likiwa na oili, sili za kifuniko cha valvu zimekauka. Oili hulainisha mpira ule hadi unavuja moto. Nafasi ya ncha ni kitu cha kupima kwa fila geji hata kama plagi ni mpya: 0.6 hadi 0.7 mm kwa injini nyingi za pointi (swichi ya kimakanika ndani ya distribyuta), 0.8 hadi 1.1 mm kwa nyingi za ignisheni ya elektroniki.

Waya za plagi pima kwa multimita. Za kaboni huwa na omu elfu kumi hadi ishirini kwa kila mita. Waya mmoja ukisoma mbali sana na wenzake, au ukisoma wazi kabisa, umekwisha. Usiku, penye giza, nyunyizia ukungu wa maji kwenye waya huku injini inawaka. Moto unaovuja unaonekana kwa macho, vijicheche vya buluu vikicheza kwenye mpira. Mikono mbali.

Nozeli isikilize kwa bisibisi ndefu, ncha kwenye mwili wa nozeli na mpini sikioni: tik-tik-tik kali na sawa na wenzake. Iliyokaa kimya pima omu zake. Nyingi za aina ya kawaida husoma 12 hadi 16. Ikilia lakini silinda bado inamisi, huenda imeziba kiasi na inakojoa badala ya kupuliza, na hiyo ni kazi ya mashine ya kusafishia.

Moto upo, petroli ipo, silinda bado imelala: pima kompresheni. Injini ya moto, plagi zote nje, umeme wa koili na wa nozeli umekatwa, betri imejaa, pedali imekanyagwa hadi chini. Huu mguu kwenye pedali ndio watu husahau, kisha wanasoma namba ndogo na kuhukumu ringi bure. Zungusha kwa stata hadi mshale uache kupanda, mapigo matano au sita. Injini nyingi nzima za petroli hutoa bar 10 hadi 14, lakini tofauti kati ya silinda ndiyo yenye maneno: ikizidi asilimia 15 hivi, sailensi itaonyesha. Silinda iliyo chini iongezee kijiko cha chai cha oili kupitia shimo la plagi na upime tena. Ikipanda vizuri, ringi zimechoka. Isipopanda, valvu. Silinda mbili zilizopakana zikiwa chini pamoja, gasketi imekatika katikati yao.

Usikimbilie kushusha hedi kwa sababu ya valvu. Pima tapeti kwanza kama injini yako ni ya kurekebishwa. Valvu ya kutolea moshi iliyotakiwa kuwa na nafasi ya 0.30 mm ikibaki na 0.05, ikipata moto hurefuka na haikai tena kwenye kiti chake. Tapeti ya kulia kelele inaudhi masikio; tapeti iliyobana haina kelele yoyote na ndiyo inayochoma valvu. Rekebisha, endesha siku mbili, pima kompresheni upya.

Ikiwa ni zote: hewa ya wizi

Anza na macho na vidole. Bomba la mpira kutoka eya klina hadi throto likunjue kila mkunjo. Nyufa hukaa ndani ya mikunjo na hufunguka injini inapoinama kwenye D, zikajifunga kwenye N. Fuata hosi nyembamba zote hadi mwisho. Hosi ya zamani huwa ngumu kama plastiki mwishoni, inaonekana imeshika lakini ukiizungusha inacheza. Ile ya PCV, inayorudisha mvuke wa oili ndani ya manifoldi, hasa kiwiko chake cha chini, hulainishwa na mvuke wa oili mpaka inanyonywa ikajikunja. Vifuniko vya mpira kwenye matundu yasiyotumika ya manifoldi hupasuka kwa ukimya. O-ringi za nozeli hukauka. Kwenye gari lenye sensa ya kupima hewa inayoingia, hata kifuniko cha oili kisichofunga vizuri au kijiti cha kupimia oili kilicholegea ni mlango wa wizi.

Kisha bana hosi moja moja kwa koleo iliyofungwa kitambaa. Ukibana na sailensi ikatulia, wizi uko mbele ya hapo ulipobana. Ya busta ya breki ijaribu hata kwa mguu: kanyaga breki na kushikilia, sailensi ikibadilika na kubaki imebadilika, ngozi ya ndani ya busta inavuja. Hapo si suala la sailensi tena, ni breki.

Kupuliza dawa ya kusafishia kabureta kwenye maungio hufanya kazi: RPM ikipanda au ikibadilika ghafla, umefika. Lakini hiyo dawa ni petroli kwa jina lingine. Puliza kidogo kwa mrija mwembamba, mbali na distribyuta na manifoldi ya ekzosi, na kizima moto kiwe karibu. Maji ya kunyunyizia ni salama zaidi na hukamata nyufa kubwa. Ufa ukinyonya maji, sailensi hushtuka. Mashine ya moshi inawashinda wote, na ukipata mtu anayeimiliki, mlipe tu.

Skana ikipatikana, soma marekebisho ya mafuta ya muda mrefu. Yakiwa juu ya +10% kwenye sailensi kisha yakarudi karibu na sifuri ukishikilia 2,500, ni hewa ya wizi, kwa sababu ileile ya hesabu ya mwanzo. Yakizidi kupanda kadiri unavyokanyaga, geukia pampu na filta ya petroli. Presha ya reli kwenye injini nyingi za nozeli nyingi ni bar 2.5 hadi 3.5. Kumbuka pia tundu la ekzosi kabla ya sensa ya oksijeni: linanyonya hewa ya nje, sensa inadhani petroli ni kidogo, kompyuta inaongeza, na plagi zinageuka nyeusi huku kodi ikisema mchanganyiko ni mwepesi.

Throto chafu ni jambo la kila siku. Ukingo wa kipepeo hujenga utepe mweusi mgumu, na njia ya pembeni ya sailensi hujaa masizi. Safisha kwa dawa na kitambaa laini, nyuma na mbele. Kipepeo cha umeme usikisukume kwa kidole. Skrubu ya kuzuilia kipepeo, yenye nukta ya rangi ya kiwandani, usiiguse. Ukikuta rangi imevunjika, kuna mtu aliipandisha kuficha uchafu, na baada ya kusafisha sailensi itaruka juu.

EGR (valvu inayorudisha moshi kidogo ndani ya injini) iliyobaki wazi kwa kipande cha kaboni hutetemesha sailensi na kuachia barabarani. Valvu ya PCV ukiitikisa inapaswa kulia kok-kok. Sensa ya joto la maji inayodanganya kuwa injini ni baridi hulewesha injini kwa petroli: nyingi husoma omu 2,000 hadi 3,000 kwenye nyuzi 20, na 200 hadi 400 kwenye nyuzi 80. Volti za chaji, 13.8 hadi 14.4, na waya wa ethi kati ya injini na bodi viangalie pia, ni dakika mbili.

Geji ya vakyumu, kifaa kilichosahauliwa

Ningepewa kifaa kimoja tu kwa gari la zamani, ningechukua hiki. Kiunganishe kwenye manifoldi, chini ya kipepeo. Injini nzima, usawa wa bahari, hushika inchi 17 hadi 22 za zebaki, mshale umetulia. Kila mita 300 za mwinuko toa inchi moja, usije ukahukumu injini nzima kwa sababu unaishi mlimani.

Mshale uliotulia lakini chini, 12 hadi 15: taimingi ya moto iko nyuma, au hewa ya wizi. Ukiwa chini na kompresheni za silinda zote pia ziko chini, mkanda wa taimingi huenda umeruka jino. Mshale unaodondoka inchi kadhaa kwa mpigo uleule, tak, tak, tak, ni valvu moja isiyofunga. Unaotetemeka haraka kwenye sailensi na kutulia ukipiga resi ni miongozo ya valvu iliyolika. Unaotetemeka zaidi kadiri unavyopiga resi ni springi dhaifu. Unaotembea polepole huku na huku ni mchanganyiko.

Kabureta na distribyuta

Kabureta ina njia yake ndogo ya sailensi, na jeti yake ina tundu la karibu nusu milimita. Chembe moja ya uchafu inatosha. Dalili yake ni wazi: injini inashika 1,500 kwa mguu, ukiachia inazima. Itoe jeti, ipulize kwa hewa, usiichokoe kwa waya. Shaba ni laini na tundu likipanuka halirudi. Kama kabureta ina solenoidi ya kukata petroli, washa swichi bila kuwasha injini, chomoa waya wake na uuguse tena: lazima solenoidi ilie klik.

Shika fimbo ya kipepeo uitikise juu na chini. Ikicheza, hewa inapita pembeni mwake na hakuna skrubu itakayotuliza sailensi hiyo. Kaza nati za chini ya kabureta kwa usawa, kidogokidogo, maana ukikaza upande mmoja unapinda kitako.

Taimingi huja kabla ya mchanganyiko. Pointi nyingi zinataka 0.35 hadi 0.50 mm; kisha chomoa hosi ya vakyumu ya distribyuta, izibe, na weka taimingi ya kibandiko kwa taa. Hosi hiyo uinyonye kwa mdomo na kuziba kwa ulimi: ikiachia, ngozi ya ndani imetoboka, nayo ni hewa ya wizi pia.

Sasa skrubu ya mchanganyiko. Injini ya moto, choki wazi kabisa. Ifunge hadi iguse tu, ukikaza unachimba ncha yake, kisha ifungue mizunguko moja na nusu hadi miwili. Washa. Funga robo robo hadi injini ianze kuyumba, fungua hadi vakyumu au RPM ifike juu kabisa, rudisha sailensi kwa skrubu ya kipepeo, rudia. Ukiifunga yote na injini haijali, petroli inapitia kwingine: kipepeo kimefunguliwa mno na skrubu ya sailensi, au floti iko juu na kabureta inamwagikia ndani. Hilo lirekebishe kwanza, skrubu ya mchanganyiko itarudi kusikia.

Baada ya kufunga boneti

Gari la kompyuta lililosafishwa throto au kukatwa betri halijatulia mpaka lijifunze upya. Lipate moto, vyote vimezimwa, liache sailensi dakika kumi, kisha washa AC dakika nyingine tano. Mengine hayajifunzi bila skana. Halafu lipe mzigo: taa kubwa, feni ya mwisho, usukani hadi mwisho, D huku umeshika breki. Mshale ushuke kidogo na urudi ndani ya sekunde moja au mbili. Andika vakyumu, kompresheni na tarehe kwenye karatasi, uibandike pembeni ya kibandiko cha kiwanda, wino usiofutika kwa oili.